Kina mama walikaa njiani wakazuia jeneza la baba kwa sababu ya jina letu, Mchovya

"Mama mzaa baba yako alikuwa lukolo gani?"

Niliulizwa hivyo njiani, juani, jeneza la baba likiwa mabegani mwa watu.

Wakuu, salaam. Wanaonijua humu wanajua mimi ndiye yule binti anayedai ushahidi kwenye kila uzi mpaka watu wanachoka. Kwa hiyo leo nimejifunga mwenyewe: naandika nilichokiona na nilichosikia kwa masikio yangu. Nitakapokisia, nitasema nakisia.

Kwa wasio wa Morogoro, lukolo ni ukoo kwa Kiluguru, na unaufuata upande wa mama. Ardhi ya milimani ni ya ukoo, na ukoo ni wa wanawake. Mimi ni Mluguru wa Matombo kwa mama yangu. Jina la mwisho ndilo nimelitoa kwa baba.

Na jina lenyewe ndilo hilo, Mchovya.

Baba alinieleza mara moja tu. Zamani wafanyabiashara wa tambarare walikuwa wanapandisha marekani Matombo, ile nguo nyeupe, na watu wa bonde fulani wanaichovya kwenye rangi ya mnili, ule mmea wa buluu, na tope jeusi mpaka inakuwa kaniki, nguo nyeusi. Wakaitwa wachovya. Nikamuuliza, na sisi tuliingiaje humo? Akasema, "Kwa mlango." Akaendelea kula.

Nimelibeba jina hili kama gunia la mkaa. Sekondari kila mvulana aliyejiona mjanja alinikumbusha kwamba mchovya asali hachovyi mara moja. Chuoni mhadhiri alikuwa anaita majina, akafika kwangu akasita, akauliza kama kuna mtu anamtania.

Mwembesongo tunakoishi kona yetu inaitwa Kwa Mchovya. Kuna kijiwe cha bodaboda cha Mchovya. Kuna timu ya mchangani ya Mchovya, nayo kwa kufungwa haijambo.

Na kule Matombo, kuku asiyejulikana alikotoka, amekuja tu akaanza kulala na kuku wako, anaitwa kuku mchovya. Nilidhani ni kwa sababu anachovya mdomo kwenye chakula cha wenzake. Hapo nilikuwa nakisia.

Sasa tuje kwenye msiba.

Baba alikuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya miwa. Alistaafu, presha ikamsumbua, akaondoka asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Mama aliamua siku hiyohiyo: atazikwa Matombo, kwenye shamba alilorithi kwa mama yake, juu ya chemchemi. Alisema anataka akifa na yeye alale pembeni yake.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuna kichwa.

"Dada, umefikiria vizuri?"

"Nimefikiria miaka yote niliyokaa naye."

"Kina Zaina wa ukoo wetu watasemaje?"

"Zaina ana wa kwake wa kuzika."

Nilimfuata mjomba nje nikamuuliza kuna nini. Akaniambia nimuulize mama. Nikamuuliza mama, akaniambia nihesabu sahani. Nilihesabu sahani.

Tulipandisha mwili na pikapu, wengine kwenye lori. Anayeijua barabara ya Matombo anajua jeneza lilivyoruka.

Watani wa ukoo wa mama walikuwa wameshafika kijijini. Mmoja alivaa koti la baba, akakaa kwenye kiti, akaanza kukohoa vilevile alivyokohoa marehemu, akadai chai isiyo na sukari kwa sababu daktari amekataza. Mwingine alimfokea mama, "Mjane gani huyu, mumewe ana kiu na yeye analia?" Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Kama hujawahi kuona watani wakifanya kazi yao utasema ni wendawazimu. Siku ile waliniokoa.

Nawaeleza hayo ili mwelewe kosa nililofanya baadaye.

Kutoka barabarani kwenda shambani ni njia ya miguu, mteremko, kisha kijito chenye chemchemi ambapo watu wanachota maji, halafu unapanda. Vijana walibeba jeneza. Kwaya ilitangulia, katekista akafuata, mimi na mama nyuma yake.

Tulipofika kwenye chemchemi kwaya ikasimama.

Njiani walikuwa wamekaa wanawake. Wamekaa chini kabisa, wamenyoosha miguu, ndoo ziko pembeni, wameziba njia kutoka ukingo mpaka ukingo. Kiasi cha kumi hivi. Katikati alikuwa mama mkubwa Zaina, mtoto wa dada yake bibi mzaa mama, ushungi wake umekaa sawasawa kama anayesubiri picha.

Nikajua ni watani.

Nani asingejua? Kuzuia jeneza njiani ni mchezo wao, unatoa chochote wanapisha. Nikapita mbele ya kwaya, nikatabasamu, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Pole."

Nikamwekea noti mapajani. "Haya, utani tumeukubali. Mpisheni mzee, amechoka na barabara."

Aliikunja ile noti vizuri, akanishika mkono, akanirudishia kiganjani, akanifumba vidole.

"Watani wako kule nyuma wanamaliza ndizi zenu. Mimi ndugu yake mama yako. Sikutanii."

Wakuu, nilibaki na noti yangu mkononi.

"Mchovya hapandi juu ya maji," akasema. Hakupaza sauti. "Hajengi na hazikwi."

Nikadhani sijasikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia.

Mjue nilikuwa nimesoma digrii ya sosholojia, na niliyoyasoma yalipanda yote kichwani kwa pamoja. Unyanyapaa. Matabaka. Nilianza kubishana na mtu aliyekaa chini huku mwili wa baba yangu uko hatua chache nyuma yangu.

"Mama mkubwa, baba hajawahi kuchovya hata leso. Alikuwa fundi mitambo."

"Najua. Alinitengenezea mashine ya kukoboa."

"Sasa maji yatachafuka na nini?"

"Nani amesema yatachafuka? Zamani ndiyo, walipomwaga rangi kijito kilikuwa kama chai, ndiyo maana wakawekwa chini ya pa kuchotea. Rangi imeisha. Mahali hapajaisha."

"Basi huu ni ushirikina."

"Ungekuwa ushirikina ningekudai kuku, tukamaliza."

Watu wakacheka. Hata waliobeba jeneza walicheka, likayumba.

Hapo ndipo aliponiuliza. "Mama mzaa baba yako alikuwa lukolo gani? Nitajie, nasimama sasa hivi, hata kiuno chenyewe hakitaki kukaa hapa. Kama ana ukoo juu huku, tunampeleka kwao kwa vigelegele."

Bibi mzaa baba alifariki kabla sijazaliwa. Ninachojua ni jina lake la ubatizo, Veronika, na picha moja amesimama pembeni ya baiskeli. Waasisi wa sosholojia nawajua kwa mpangilio. Ukoo wa bibi yangu sikuwahi hata kuuliza.

Nikamgeukia mama. Mama alikuwa anaangalia jeneza. Nikamgeukia katekista, naye alikuwa anachunguza kiatu chake.

Mama akasogea mbele. Alizungumza na Zaina kwa sauti ya wasichana waliokua pamoja.

"Zaina, huyu mmoja ungeniachia."

"Nikikuachia wewe, kila mwenye mke wa huku juu atapandishwa. Kule chini watabaki akina nani wa kuwapokea wenzao?"

Vijana walibadilishana mabega. Kisha mama akasema, "Mshusheni."

Neno hilo moja tu. Nilimshika mkono nikamwambia mama, hawana haki, ardhi ni yako, tukiamua tunapita. Akaniambia, "Ardhi ni yangu na Zaina. Twende."

Nikafikiri mshtuko wa siku umeishia hapo.

Kumbe juu kulikuwa na kaburi limeshachimbwa, na kaburi lililochimbwa haliachwi. Mjomba na vijana wawili walipanda, mama akataka kwenda, nikamfuata. Walikata mgomba, wakaupima kwa macho, wakauteremsha kaburini kama mtu. Nikauliza wanafanya nini. Kijana mwenye jembe akanijibu, "Dada, shimo likishafungua mdomo lazima lile."

Mama akachukua udongo akautupia mgomba. Aliutupa taratibu, mara tatu, midomo inacheza. Sijui alisema nini. Wakaufukia.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu kifo. Hakuna kilichoniandaa kumwona mama yangu akizika mgomba mahali alipotaka kumlaza mumewe.

Tukashuka. Tukavuka pa kuchotea maji, tukaufuata ukingo wa kijito chini kabisa ambako bonde linafunguka. Na hapo, wakuu, nikasimama.

Kaburi jingine lilikuwa limeshachimbwa. Udongo mbichi, majembe yamelazwa, wanaume wamekaa pembeni wanafuta jasho, na wanawake wana uji kwenye sufuria. Walianza asubuhi. Sisi tukiwa bado tunapanda na pikapu, wao walikuwa wanachimba.

Walisimama wote, wakavua kofia, wakampokea baba. Wakamwita ndugu yetu.

Na makaburi ya pale si ya imani moja. Kuna misalaba ya saruji, kuna makaburi yameelekezwa kibla, kuna mengine ni mawe tu. Yote yaliyoandikwa yameandikwa Mchovya. Salehe Mchovya. Yohana Mchovya. Tatu Mchovya. Nilikuwa nimekua nikijua kwamba waliobaki na jina la Mchovya ni sisi wa Mwembesongo peke yetu.

Mwanamume mmoja mfupi, kanzu ameikunjia kiunoni, alikuja kunipa pole. Alijitambulisha kwa jina la Hashimu Mchovya.

"Kaka, tunahusianaje?"

"Hatuhusiani."

"Sasa Mchovya wa kwetu na wa kwenu..."

"Hapa hakuna anayehusiana. Yule pale alikuwa Myao. Yule wa msalaba uliolala, Mngoni. Yule wa mwisho hatujui, hakusema, na hatukumkaba." Akanitazama kama anaona haya kwa niaba yangu. "Dada, hukuambiwa?"

"Kwa hiyo mnahusiana kwa kitu gani?"

"Tunazikana."

Katekista alisali, kina Hashimu wakashika kamba, na waliokuwa Waislamu walisimama mikono wazi mpaka mwisho. Mtani aliyevaa koti la baba alilivua, akalikunja, akampa mama. Mambo yakaisha. Tukala, tukarudi mjini.

Sitawadanganya kwamba nilielewa. Nilirudi na hasira. Niliandika malalamiko marefu kuhusu ubaguzi wa majina milimani, nikamwendea rafiki yangu mwanasheria, akaniuliza ninayemshtaki ni nani na ninataka alipe nini. Nikayakunja malalamiko yangu, maana baba alikuwa amezikwa na watu wengi kuliko niliowahi kuona kwenye msiba wowote wa mtaani kwetu, na hakuna hata mmoja aliyetuomba kitu.

Mama hakutaka kulizungumzia. Kila nikianza alitafuta sahani za kuhesabu.

Mpaka masika iliyofuata tulipokwenda kupalilia kaburi. Alikuwa ameinama, jembe mkononi, hakuniangalia. Akaanza mwenyewe. Alichoniambia nakiweka mwisho kabisa, maana bado kinanichanganya.

Funzo nililolipata ni dogo na ni la kazi. Waulize wazazi wako kuhusu mama zao, sasa hivi, kabla hujaulizwa njiani mbele ya kwaya. Sisi tunajua babu alikuwa nani, alipigana wapi, alioa wangapi. Bibi anabaki jina la ubatizo na baiskeli.

La pili, kuna sheria inaonekana kama mlango umefungwa, kumbe ni ukuta wa nyumba ya mtu. Zungukeni kwanza muone upande wa pili. Naongea kama niliyepiga kelele ukutani.

Wenye majina ya kazi humu, kina Fundi, kina Mhunzi, kina Mfinyanzi, niambieni: mnajua mlivyoyapata, au mnakisia kama mimi na kuku wangu? Na kama kuna wa Matombo ana maelezo tofauti na haya, ayalete. Nitamwomba ushahidi, lakini nitamsikiliza.

Sasa alichosema mama.

Bibi Veronika hakuwa na lukolo. Hakuwa Mluguru. Alishuka treni Ngerengere na baba mgongoni, hakusema ametoka wapi, akatembea mpaka Matombo. Huku juu hakuna ukoo uliokuwa na ruhusa ya kumpa hata kipande cha kuzikia mtoto, na mama aliyajua hayo tangu siku ya uchumba. Alitaka kumpandisha baba ili aonekane na yeye ni wa watu.

Watu wa bonde la chini walimpa bibi kibanda, shamba na jina siku ileile aliyofika. Hakuchovya hata kitambaa kimoja, wala asingeweza. Mitungi ya rangi ilikuwa imekauka zamani, kabla hajazaliwa.