Kisigino cha Kushoto cha Attracta Hehir

Miguu ya Attracta Hehir hucheza Ujerumani kila majira ya baridi. Yeye mwenyewe yuko hapa kijijini kwetu Kilmihil, anauza chakula cha ng'ombe.

Hata sisi majirani ilituchukua muda kuelewa. Katika maonyesho makubwa ya densi yetu ya kugonga sakafu kwa visigino, ile ngurumo ya viatu inayokutetemesha kitini mara nyingi haitoki jukwaani. Inatoka kwenye kanda ya sauti. Wachezaji wanaruka, mikono imenyooka ubavuni, nyuso zimejaa tabasamu, na spika ndizo zinazopiga kelele kwa niaba yao. Attracta alipokuwa mchezaji wa mbele, kampuni ilimfungia studio na ubao mmoja, ikarekodi mlio wa miguu yake, ikaugawa kwa kikosi kizima. Kisha goti likamvunjikia jukwaani, huko Bremen, Ujerumani. Wakampa shada la maua na tiketi ya kurudi nyumbani. Miguu wakabaki nayo.

Hayo tungeyameza, tumezoea kumeza. Lakini mwaka jana meneja wa kampuni, Fergal Prunty, alimpigia simu dukani.

"Attracta, mpenzi, una nafasi? Mchezaji wetu mpya haendani na kanda. Kisigino chako cha kushoto kinachelewa kidogo, wajua?"

"Najua. Mwalimu Talty alinifokea utoto wangu wote kwa hicho kisigino."

"Basi njoo Limerick umfundishe kuchelewa."

Nimesoma vitabu vingi vya dhuluma za wafalme na makabaila, na sijakutana na hii: mtu kuombwa afundishe kasoro yake mwenyewe ili wizi usionekane. Attracta alitaka kitu kimoja tu. Jina lake liandikwe kwenye kijitabu cha onyesho.

"Jina? Kwa ajili ya kisigino?" Prunty akacheka. "Haya, litakuwemo. Nakuahidi."

Akaenda. Akamfundisha yule binti, ambaye kosa lake lote lilikuwa kucheza sawasawa. Binti alilia siku alipofaulu kukosea.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili mchana. Mimi ndiye niliyewapeleka kwa gari Attracta na Mwalimu Colman Talty, aliyemfundisha tangu akiwa na meno ya utoto. Habari ya kanda hakuna aliyewahi kuthubutu kumweleza mzee huyo.

Attracta akafungua kijitabu. Alikuwemo fundi wa taa. Alikuwemo msuka wigi, na dereva wa basi, na wauzaji wa maji ya chupa. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Hehir hakuwemo.

"Labda wamekosea," nikasema.

"Hawa hawakosei bila kufundishwa," akajibu.

Taa zikazimwa, ngurumo ikaanza. Mwalimu Talty, ambaye densi huisikiliza akiwa amefumba macho, akatabasamu.

"Kisigino kile, Attracta! Mpaka leo, mtoto mkaidi wewe!"

Kisha akafumbua macho, akamkuta mtoto mkaidi ameketi kando yake. Akatazama jukwaa. Akamtazama tena. Akasimama kwa fimbo yake.

"Enyi! Huyo anacheza na mguu wa mtu!"

"Kaa chini, babu!" sauti ikafoka nyuma yetu. "Sisi tumelipa!"

"Na mimi nimemfundisha! Mrudishieni mguu wake!"

Walinzi wakatutoa nje ya ukumbi, kwa adabu inayouma kuliko matusi. Barazani, mbele ya meza ya tiketi, sakafu ilikuwa ya mbao. Attracta alisimama akiisikiliza ile ngurumo ikipenya mlangoni. Akanyoosha mikono ubavuni, akaingia palepale kanda ilipofika, akiwa na viatu vyake vya kanisani, goti moja zima na jingine la kubahatisha. Kisigino cha kanda, kule ukumbini, kikachelewa. Cha barazani kikachelewa nacho.

Mlinzi mmoja akaja mbio. "Mama, tafadhali! Unawasumbua watu. Wanasikiliza miguu."

"Ya nani?" akauliza Attracta bila kusimama.

Mlinzi akafikiri kwa dhati kabisa. Kisha akafunga mlango wa ukumbi, na ule wa pili ulio mbele yake, kelele zisiingie. Ngurumo ikabaki kama radi ya mbali, na Attracta akaifuata hivyo hivyo, akiuma meno, mpaka kanda ilipokwisha.

Ndani watu walilipuka kwa makofi. Barazani tulikuwa mimi na Mwalimu Talty, na Mwalimu Talty hapigi makofi.

"Bado unachelewa," akamwambia, akamsogezea kiti.