Kartoni ya Matundu Ishirini

Kwa miaka mingi nimesahihisha mtihani wa kemia kwa kartoni. Darasa likiwa na wanafunzi zaidi ya hamsini, mwalimu hutafuta njia yake. Karatasi ya majibu ina maswali ishirini na safu tano, a hadi e, na mwanafunzi anatia msalaba chini ya herufi anayoiona sahihi. Mimi natoboa kartoni mahali pa kila jibu sahihi, naipanga juu ya karatasi, na kila msalaba unaochungulia kwenye tundu ni alama moja. Kabla ya saa mbili kupita nimemaliza, huku wenzangu wa historia bado wanakuna vichwa. Nilijivunia sana jambo hilo, tena kwa sauti.

Kartoni yangu ya zamani ilikuwa ya biskuti, na upande wenye picha ndio uliokaa juu. Mwaka huu ililowa mvua, nikakata nyingine, ya kahawia pande zote mbili. Sikuandika popote kwamba upande huu ni wa juu. Niliona nimeshazoea.

Nilikuwa nimemaliza rundo la kwanza wakati upepo wa ziwani ulipoingia na kumwaga kila kitu sakafuni. Nikaokota, nikafunga dirisha, nikaendelea na rundo la pili, la wale waliokawia kukabidhi. Nne. Tano. Tatu. Nikacheka peke yangu. Hawa, nilijiambia, ndio wanaosubiri jibu lidondoke kutoka darini. Nikaandika alama zao kwa wino mwekundu, kama tunavyomwandikia yeyote asiyefika nusu.

Kwenye kikao cha walimu, wengi wa rundo hilo walibebwa na masomo mengine. Msichana mmoja tu, mtoto wa kijiji cha Bwegera, kule bondeni, aliyekuwa akikaa mjini kwa shangazi yake, alipungukiwa kidogo, na kwa upungufu huo angerudia mwaka. Mwalimu wa darasa lake akanigeukia.

“Prof, baba ya huyu mutoto alishasema: akidubula, masomo imekwisha, anarudi mu mashamba ya muchele. Umuongezee kidogo tu.”

“Miye sigawi pointi kama sadaka,” nikajibu.

 Tukatia sahihi, kikao kikafungwa.

Siku ya kutangaza matokeo msichana alinifuata uani, kabrasha la alama mkononi. Hakuwa akilia.

“Prof, naomba uangalie tena karatasi yangu. Kemi nilijibu muzuri.”

“Karatasi iko vile weye uliiandika,” nikamwambia, nikaenda zangu.

Maneno yake hayakuniacha. Mchana ule nilirudisha sahani ikiwa imejaa, na mke wangu akaniuliza kama nina malaria. Nilikasirika, nikamjibu vibaya. Nilichokuwa nacho ni woga, na nilijua hivyo. Kesho yake niliogopa kupita karibu na shule. Siku ya tatu asubuhi nikaenda, nikijidanganya kwamba nataka tu kujithibitishia kuwa sina kosa.

Nikatoa karatasi yake. Ilikuwa na alama zangu nne za vema, na zote nne zilikuwa kwenye safu ya c. Safu ya katikati. Nikachukua kartoni, nikaigeuza upande wa pili, kama ilivyokuwa kabla ya upepo. Tundu la a likawa la e, la b likawa la d, la c likabaki palepale. Misalaba yake ikaanza kuchungulia, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikafika kumi na saba. Nikakaa kwenye dawati la mwanafunzi kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

Nikaipeleka kartoni na karatasi kwa mkuu wa shule. Tulisahihisha upya rundo zima, walimu wakaitwa watie sahihi tena, na macho yao sikuweza kuyatazama. Waliokuwa mjini wangeitwa. Yule msichana alikuwa amesharudi kwao.

“Hii utaipeleka weye mwenyewe,” mkuu akasema, akinikabidhi kabrasha jipya.

Njia nzima ya bondeni, nyuma ya pikipiki, nilikuwa nikijiuliza ni nini kitakuwa kimeshafanyika. Labda yunifomu yake imeshagawiwa. Labda kuna mtu ameshakuja kuuliza habari zake za ndoa. Siku tatu ni nyingi kwa baba aliyekwisha toa neno lake.

Baba nilimkuta ukingoni mwa shamba, matope hadi magotini. Nilimweleza kila kitu, kartoni, upepo, pande mbili za kahawia. Akafuta mikono kwenye suruali, akasoma kabrasha polepole, kisha akamwita binti yake atoke majini.

“Mwalimu anasema kosa ilikuwa ya yeye,” akamwambia. “Utarudi ku masomo.”

Msichana alipanda ukingoni, akasimama mbele yangu. Nilisubiri anitukane, ningeona nafuu.

“Makaye yote nilishawashia moto, Prof,” akasema. “Ya kemi peke yake ndiyo sijachoma. Nilikuwa natafuta fasi nilikosea.”

Alikwenda kulileta daftari hilo. Kwa penseli, karibu na kila somo nililowafundisha, alikuwa ametia alama ndogo ya kuuliza.