Ekzosi Iliyomeza Shikamoo

Mimi ni mshenga ambaye posa yangu haijawahi kurudishwa, na magari nayajua kuliko mafundi wengi. Ndiyo maana pale gereji, Usagara, nilimwambia kijana jirani yangu asiiguse ekzosi ya gari la kale alilorithi kwa babu yake. Lilikuwa linapita kimya, kwa heshima.

"Fundi, weka inayonguruma," akasema. "Leo nampeleka mshenga. Nataka ukweni wajue tumefika."

Wakajua. Babake binti alikuwa barazani na wazee wenzake. Kijana akatoa kichwa dirishani, akaamkia kwa adabu zote. Ekzosi ikaimeza shikamoo yake nzima, wazee wakaona mdomo tu unafunguka na kufumbika.

"Huyo ndiye anayemtaka binti yangu?" mzee akaniuliza nilipoteremka. "Ananipita bila shikamoo?"

"Ameamkia, mzee wangu."

"Kamwamkia nani? Moshi?"

Ikabidi kijana azime gari, ashuke, aamkie upya. "Marahaba," mzee akajibu, akitazama pembeni. Sasa gari la kale likishazimwa, haliwaki bila kusukumwa. Tukasukuma, kanzu zikajaa masizi.

Posa haijajibiwa bado. Kwa hiyo kila tukienda kuuliza, kijana anazima gari kona ya mbali, tunalisukuma hadi barazani. Juzi mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza: "Gari zuri hili. Halina kelele kabisa."

Nilikuwa nyuma nasukuma, pua yangu juu ya ekzosi mpya. Nathibitisha, halina.