Siku ya Kupima Seva

Kwa muda mrefu nilitaka kujua seva yetu ya utafiti inakula umeme kiasi gani ikiwa haina kazi. Haikuwezekana. Tulikuwa sita tunaoitumia pamoja, kila mmoja na hesabu zake, na ukimwomba mtu asimamishe zake kwa saa moja tu, anakutazama kama umemwomba figo.

Kisha mwenzetu aliyekuwa akichunguza mnyauko wa migomba akafariki ghafla. Huku Karagwe mtu hashiki jembe kukiwa na msiba, na ofisini ni hivyo hivyo. Wenzangu walisimamisha kazi zao wakaenda kuzika kijijini kwao marehemu, Songambele. Mimi niliwaambia nabaki kuangalia mashine, nitawafuata. Nilibaki na kipimo changu cha umeme na, nakiri, nilifurahi.

Lakini kipimo hakikushuka. Nikafungua orodha ya kazi kwa hasira, nimjue mkaidi ni nani. Ilikuwa imebaki kazi moja, ya marehemu. Picha zake za migomba zilikuwa zinachambuliwa kwa wiki ya tatu, bado siku mbili zikamilike, na majibu yangeandikwa mwishoni tu; ikikatizwa, yote yanapotea.

Niliikatiza. Wati zikashuka, nikaandika namba yangu, nikakodi bodaboda.

Kibanjani kwao, kwenye migomba inayozunguka nyumba, nilikuta wameshazika. Nilimwamkia mama yake shikamoo, akanishika mikono yote miwili.

“Wenzako wamesema ulibaki kumlindia mwanangu kazi yake,” akasema. “Asante, baba.”

Nikaipokea asante yake.