Boti yenye Benchi Nyuma

Miaka ile ya themanini, fundi wetu wa visima hapa Burat alikuwa hashuki bila mkewe. Watu walicheka, wacha wacheke. Udongo ulivutwa na vijana, lakini kamba ya kiunoni mwake ilishikwa na mkewe huyo, Habsa, peke yake. Kabla ya kushuka fundi alivua kofia, akamwekea Habsa miguuni, akavuta kamba kidogo. Habsa alivuta kumjibu. Huko chini alichimba akipiga mluzi, na mluzi ukikatika, Habsa alimwita mpaka aitike.

Injinia Mholanzi wa mradi wa maji alipokaribia kurudi kwao, alitaka kumpeleka fundi Mombasa kwa shukrani: wiki nzima wakilala ndani ya boti, mchana wakizamia baharini na mitungi ya hewa mgongoni. Alimwekea picha za boti tatu kwenye meza ya stoo ya mradi niliyoitunza mimi, achague. Moja ilikuwa na vitanda kama vya hoteli. Fundi alipitisha kidole chake kigumu ukingoni mwa kila boti. "Hapa nani anashika kamba?"

"Hakuna kamba," injinia akajibu. "Hewa unabeba mwenyewe."

Fundi akazirudia picha, akachagua boti iliyochakaa kuliko zote. Ilikuwa na benchi nyuma, karibu kabisa na maji. "Hii. Habsa atakaa hapa."

"Mimi?" Habsa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaruka. "Wallahi naogopa maji!"

"Hata mimi naogopa kisima," fundi akasema, tena kwa sauti ya chini. "Kila siku." Kisha akavua kofia, akamwekea miguuni.