Mkono Juu ya Kichwa

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kuandikishwa darasa la kwanza hapa Dongobesh. Walitaka cheti cha kuzaliwa tu, dakika mbili tukamaliza. Ajabu, nilitoka pale viganja vimelowa jasho, bibi mzima! Kwetu sisi, ndugu yangu, cheti kilikuwa sikio.

Tulikuwa wafugaji wa Kibarabaig, upande wa Hirbadaw, miaka ile matrekta ya mashamba ya ngano ya serikali yakinguruma tangu alfajiri na malisho yakizidi kupungua. Serikali hiyohiyo ikasema kila mtoto aliyefikisha umri akasome. Umri wenyewe nani alikuwa ameuandika? Basi mwalimu alipita boma kwa boma, akituambia tupitishe mkono juu ya kichwa tuguse sikio la upande wa pili. Ukiligusa, unaandikwa.

Baba alitufundisha mimi na dada yangu kukunja kiwiko kidogo, vidole visifike. "Serikali haichungi ng'ombe," alisema. Tulifanya mazoezi zizini, mama akifukiza vibuyu vya maziwa pembeni, na nilijificha nyuma ya ndama kila nilipoona vumbi la mgeni njiani.

Siku ikafika. "Shikamoo mwalimu," tukasema. Dada akatangulia. Alikunja vizuri mno.

"Huyu bado," mwalimu akasema. "Mwakani."

Zamu yangu, nikanyoosha. Nilitaka kusoma. Nilitaka hata kuuonja ule uji wa shule waliousifia watoto wa jirani. Nikalishika sikio, nikatetemeka hadi mwalimu akaniuliza kama naumwa. Baba alitazama chini.

Jioni alisema mmoja ameshachukuliwa, wa pili haendi popote. Mwaka uliofuata mwalimu aliporudi, dada alikuwa mbali akichunga ng'ombe, kule malisho yalikobaki. Hakuandikwa kamwe.

Matrekta yale yamenyamaza, boma letu sasa ni shamba la mahindi la mtu, na baba hayupo. Dada yupo. Nikimtembelea hunipa kadi yake ya kliniki nimsomee tarehe ya kurudi, kisha huwageukia wajukuu akicheka. "Bibi yenu huyu alikuwa mwoga! Alimwona mwalimu akashtuka, mkono ukanyooka wenyewe. Msimlaumu, alikuwa mtoto."

Nami hucheka pamoja nao. Sijawahi kumwambia.