Hajapimwa, Amekataliwa

Kwenye dirisha la hospitali moja huku Ngara, mama mkulima kutoka Keza aliomba rufaa ya kupandikizwa figo. Mdogo wake, aliyekubali kumtolea figo yake moja, alikuwa pembeni.

Mhudumu akautazama mguu wa mama uliokatwa. "Shikamoo, mama. Kisukari kimeharibu mishipa yako. Hufai."

"Marahaba. Nani kanipima?"

Figo mpya hushonewa kwenye mishipa ya nyonga, na hiyo hakuna aliyeichunguza.

Mama akaegemeza gongo lake ukutani, akakaa. "Kwetu shamba halikataliwi kutoka barabarani. Unaingia, unachimba, ndipo unasema ni mawe. Nipimeni kwanza, mwanangu, halafu mnikatae."

Mhudumu akainuka kumwita daktari.

Vipimo vikimkataa, nitanyamaza. Ila jicho la dirishani, tangu lini likawa kipimo?